Kaya Moja, Mtungi Mmoja

Siku lori la mitungi ya gesi lilipofika Keza, Gaudence alivaa kitenge chake cha Pasaka. Ilikuwa imetangazwa kanisani na kwenye mkutano wa kijiji kwamba kila kaya itauziwa mtungi mdogo wenye jiko lake juu, na serikali italipa nusu ya bei, ili watu wapunguze kukata miti na kina mama wapumzike na moshi. Gaudence alikuwa amekula moshi tangu utoto wake. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Kama kuna mtu aliyestahili mtungi ule, aliona ni yeye.

Alikuwa mjane. Aliishi uwanja mmoja na mwanawe Ildefonce, mke wake Kezia na mtoto wao mdogo, Irakoze. Nyumba zilikuwa mbili, ya mama na ya mwana, zikitazamana, lakini jiko lilikuwa moja tu: kibanda cha udongo cha Gaudence, chenye mafiga matatu, kando ya migomba. Keza kuna baridi, hasa Juni na Julai ukungu unapolala mpaka saa tatu. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki yake ya abiria, Ildefonce aliingia kwanza mle kibandani. Aliota moto, akanywa uji, akamsimulia mama yake mambo ya barabarani. Kezia ndiye aliyeleta kuni na kuchota maji, na siku nyingi ndiye aliyepika, lakini moto ulikuwa wa Gaudence, na asubuhi ile ilikuwa yake.

Kwenye ofisi ya kata foleni ilikuwa imezunguka jengo. Zamu ya Gaudence, Ildefonce na Kezia ilipofika, mtendaji aliomba kitambulisho cha taifa. Ildefonce akatoa chake. Gaudence naye akatoa chake, akakiweka juu ya kile cha mwanawe.

"Mnakaa pamoja?" mtendaji aliuliza.

"Uwanja mmoja," Ildefonce akajibu.

"Basi ninyi ni kaya moja. Kaya moja, mtungi mmoja. Mpishi wa kaya ni nani? Aje mbele afundishwe kuutumia."

Gaudence alikuwa ameshasogea.

"Mke wangu," Ildefonce alisema. Hakusita. Alisema kama mtu aliyeulizwa jina la kijiji chake.

Gaudence akarudi nyuma, akajifanya anafunga vizuri kilemba. Aliwatazama wenzake waliokuwa kwenye foleni kama kuna aliyeona. Kule mbele Kezia alizungusha koki, akasogeza kiberiti, moto wa bluu ukaruka, na wanawake wakapiga makofi. Kezia alicheka akafunika mdomo kwa mkono. Ildefonce alikuwa anamtazama mkewe kwa namna ambayo Gaudence hakuwa ameiona tangu siku ya harusi yao.

Wakati wa kurudi, Kezia alipanda pikipiki akiwa amepakata mtungi.

"Mama, subiri hapa, nitarudi kukuchukua," Ildefonce alisema.

Hakusubiri. Alikata kwa njia ya miguu, akapanda mlima na kitenge chake cha Pasaka, na mwanawe alipomkuta karibu na nyumbani alimwambia kwamba alitaka tu kunyoosha miguu.

Tangu siku hiyo asubuhi ikawa na sura nyingine. Mtungi uliwekwa chumba cha mbele cha nyumba ya Ildefonce, juu ya sakafu ya saruji, na chai ilichemka kabla Gaudence hajamaliza kupuliza makaa. Kupitia mlango wa kibanda chake alimwona mwanawe amekaa kwenye kigoda, Irakoze katikati ya magoti yake, Kezia anamimina chai. Walikuwa wanaongea. Hakusikia wanasema nini. Ildefonce alitoka akiwa ameshiba, akapita uani, akasema, "Shikamoo mama." Gaudence akasema marahaba. Pikipiki ikaondoka. Uji aliompikia ukafanya utando juu.

Kezia hakuwa na ubaya. Kila asubuhi alivuka uwanja na kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka kwa mikono miwili. "Mama, chai yako." Yeye alitoka Bisibo, upande wa Biharamulo, na lugha ya kwao ilikuwa Kisubi. Gaudence alikuwa Mhangaza. Tangu mwanzo wawili hao waliongea Kiswahili, taratibu, kama watu waliokutana ofisini. "Asante, Mama Irakoze," Gaudence alijibu. Kezia alipogeuka, Gaudence aliimwaga chai ile kwenye shina la mgomba.

Akaanza kuongeza kuni. Alikoka moto mkubwa kuliko chungu alichokuwa anapikia, moshi ukajaa uwanja mzima, ili wajue kwamba jiko bado lipo. Maharage ya kwenye gesi, alisema, hayana harufu. Mtoto wa gesi atakuwa dhaifu. Kwenye jumuiya, baada ya sala, alimwambia jirani yake Auleria kwamba Kezia siku hizi analala mpaka jua linachomoza, kwa kuwa hana kuni za kutafuta.

Auleria, ambaye naye alipata mtungi, alimsikiliza mpaka mwisho. "Na wewe unataka nini hasa?" aliuliza. "Kijana asinywe chai kwa mkewe?"

Gaudence aliinuka, akaondoka. Njiani alimchukia Auleria, na usiku alipolala bado alikuwa anamjibu moyoni.

Lakini ni Auleria huyo huyo aliyempa wazo, bila kujua. Mwezi wa pili tangu lori lije, gesi yake iliisha. Ruzuku ya serikali ilikuwa ya mara ya kwanza tu. Kujaza tena ni bei kamili, na wa kujaza yuko mbali, Nyakanazi au mjini Ngara. Auleria aliufunika mtungi wake kwa kitambaa cha meza, akaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, akarudi kwenye mafiga.

Gaudence aliutazama ule mtungi uliogeuka stuli ya maua, na moyo wake ukapoa kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori.

Kesho yake Kezia alipokwenda shamba na mtoto, Gaudence aliingia nyumba ya mwanawe. Alichuchumaa mbele ya jiko, akazungusha koki kidogo, akasikiliza. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayenyamazisha mtoto. Harufu ilipomfika puani alifunga, akapepea kwa mtandio wake, akaondoka. Siku nyingine akarudia. Hakujiona mwizi, maana hakuchukua kitu. Alikuwa anaharakisha tu jambo ambalo lingetokea lenyewe. Na kila alipochuchumaa pale aliviona vitu vya ile nyumba: vikombe viwili vimepinduliwa pamoja, koti la Ildefonce limeshonwa kiwiko kwa uzi mzuri wa rangi ile ile. Zamani koti hilo alilishona yeye. Siku moja, akiitazama mishono ile, alizungusha koki mpaka mwisho.

Mvua ilianza ghafla. Katikati ya kishindo cha bati alisikia pikipiki inapanda kilima. Ildefonce hakuwahi kurudi saa kama ile. Gaudence alishtuka, akainuka, akatoka mbio, akavuta mlango nyuma yake, akafika kibandani kwake akiwa anahema. Ni pale tu, alipokaa mbele ya moto wake, ndipo alipokumbuka kwamba mkono wake haukufunga koki.

Alijiambia kwamba mwanawe atakuja huku. Amelowa, ana baridi, moto mkubwa uko hapa. Alimwona akiegesha pikipiki chini ya upenu, akivua koti la mvua. Ildefonce akatazama kibanda kinachotoa moshi. Kisha akatazama nyumba yake. Akapapasa mfukoni, akatoa kiberiti, akaelekea kwake kuchemsha chai.

"Usiwashe!" Gaudence alikuwa tayari uani, kilemba kimeanguka, mvua inampiga usoni. "Ildefonce, usiwashe moto. Tupa kiberiti."

Ildefonce alisimama mlangoni. Harufu ikamfikia. Akatupa kiberiti kwenye tope, na Gaudence akampita, akaingia ndani akiwa amebana pumzi, akafunga koki, akasukuma madirisha. Walisimama nje kwenye mvua wakitazama nyumba iliyokuwa wazi kila upande. Gaudence akashika mti wa upenu.

"Umejuaje?" Ildefonce aliuliza.

"Nimesikia harufu."

Kezia alifika mvua ikipungua, mtoto mgongoni, kapu la viazi kichwani. Ildefonce hakumwacha hata atue mzigo. Alimwambia kwamba ameacha koki wazi, kwamba angewaua wote, kwamba kama si mama, sasa angekuwa anakusanya mifupa ya mumewe.

"Lakini asubuhi nilifunga," Kezia alisema. "Nilifunga, Baba Irakoze."

Aliingia ndani. Kando ya jiko, juu ya kigoda, kulikuwa na mtandio wa Gaudence, ule wa maua ya zambarau. Kezia aliuchukua. Aliukunja polepole, mara mbili, akauweka kwapani. Alipotoka alimtazama mama mkwe wake, na Gaudence akatazama migomba.

"Labda ni mimi," Kezia alisema. "Labda nilisahau."

"Kesho naupeleka Nyakanazi," Ildefonce alisema. "Nauuza. Tutarudi kwenye kuni kama watu wengine."

Basi Gaudence akapata alichokitaka. Jioni ile Ildefonce aliingia kibandani, akakaa mahali pake pa zamani, akanyoosha mikono kwenye moto. Gaudence alimpakulia ndizi na maharage, chakula kingi. Alingoja hadithi za barabarani. Ildefonce hakuwa na hadithi. Alikula akitazama mlango. Alisema Kezia si mzembe, hajui limempata nini. Alisema labda anaumwa. Nusu ya sahani akaisukuma kando.

"Niwekee na cha Kezia," alisema. "Hajala tangu mchana."

Hata katika hasira yake alikuwa kwa mkewe. Gaudence aliushika mwiko na hakuweza kupakua. Wivu ulikuwa ule ule wa siku ya foleni, na sasa hakukuwa na mtungi wa kuusingizia.

Kezia mwenyewe akatokea mlangoni. Hakuingia. Aliinama, akaweka mtandio uliokunjwa kwenye kigoda karibu na Gaudence.

"Mama, mtandio wako," alisema. "Nimekuletea." Akaondoka.

Ildefonce aliutazama mtandio. Hakuelewa kitu. Angeweza kukaa bila kuelewa maisha yake yote, na Kezia asingemwambia kamwe. Hilo Gaudence alilijua sasa, na lilimuumiza kuliko kama yule binti angepiga kelele. Alikuwa amesamehewa na mtu ambaye yeye, Gaudence, hakutaka kupokea kitu chochote kutoka kwake, hata chai.

"Koki niliifungua mimi," alisema.

"Ipi?"

"Ya gesi. Leo, na siku nyingine. Nilitaka iishe."

Ildefonce alicheka kidogo, akidhani mama yake anamtetea mkewe. Kisha akamtazama usoni. Akaweka sahani chini.

"Kwa nini, mama?"

"Ulikuwa huji tena kunywa uji."

Alijua namna maneno hayo yalivyokuwa madogo mbele ya nyumba iliyotaka kulipuka. Hakuongeza mengine. Ildefonce akainuka, akapakua mwenyewe chakula cha mkewe, akatoka. Kutoka kwenye kibanda Gaudence alisikia sauti zao ng'ambo ya uwanja, ya mwanawe kali, ya Kezia ya chini, kwa muda mrefu. Mara moja alisikia Kezia akisema, "Ni mama yako."

Mtungi haukuuzwa. Lakini Ildefonce hakumsemesha mama yake zaidi ya salamu mpaka mavuno ya maharage yalipoanza, na mlango wa nyumba yake ukatiwa kufuli. Kufuli lile Gaudence alilitazama kila asubuhi. Hakulalamika kwa mtu, wala kwa Auleria.

Gesi ilipoisha, mapema kuliko ilivyopaswa, alitoa debe la maharage yake mwenyewe, akaliweka uani karibu na pikipiki. "La kuuza, mjaze mtungi," alimwambia Kezia.

Kezia alilitazama debe, kisha akamtazama yeye. "Mama, ungesema tangu mwanzo. Ningekuwa namtuma kwako na kikombe chake."

"Nisingetaka atumwe."

Kezia alifikiri. "Ndiyo," alisema. "Hata mimi nisingetaka."

Julai ilipoingia baridi ikazidi. Moto wa bluu unachemsha chai haraka, lakini haupashi nyumba joto, na sakafu ya saruji ni baridi. Jioni moja Kezia alikuja na Irakoze kuota moto, akaketi upande wa pili wa mafiga, akaanza kuchambua maharage bila kuombwa. Baadaye Ildefonce akawafuata. Alikaa kwenye kona, karibu na mkewe, akamsimulia yeye habari za lori lililokwama njiani. Gaudence alisikiliza akisogeza kuni. Bado alitamani hadithi ile iwe imeelekezwa kwake. Akamwambia Kezia asogee karibu na moto, mtoto asipate baridi.