Sauti ya Asubuhi

Kabla haijaanza kumtoroka, sauti ya mwanamke aliyeitwa Spika ilikuwa imeuza kila kitu katika mji ule: sabuni, magodoro, dawa ya panya, na hata mgombea mmoja ambaye, kwa maoni ya Spika mwenyewe, angefungashwa pamoja na dawa ya panya. Gari la matangazo lilikuwa la mumewe. Mume alipoona uso wa mkewe unalegea kila jioni kama pazia lililokatika kamba, alisema anakwenda kutafuta maisha, na inaelekea maisha yalimpata yeye kwanza. Aliacha gari lenye vipaza sauti viwili juu, na mdogo wake wa kulisukuma lisipowaka.

"Kaka hakukuacha mikono mitupu, shemeji," huyo mdogo mtu, ambaye Spika naye alimwita Shemeji, alipenda kusema. "Kakuachia urithi."

"Urithi gani? Gari linakunywa mafuta, wewe unakunywa chai. Mimi hapo nimerithi kiu tu."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina refu. Asubuhi Spika aliweza kulitamka lote; adhuhuri ikishapita lilimfia mdomoni. Daktari alimfafanulia kwa maneno mepesi: misuli inachoka kwa kutumika. Ukitazama sana, kope zinaanguka. Ukitafuna, taya linagoma. Ukisema, sauti inapanda puani na maneno yanatoka kama yamelowekwa. Ukipumzika, mambo yanarudi, mpaka siku yatakapokataa kurudi.

"Na kifua nacho kikichoka?"

"Hapo ukimbie hospitali haraka."

"Kwa miguu ipi, daktari?"

Daktari hakucheka. Spika alimsamehe, wengine huzaliwa hivyo.

Vidonge vya kumshikiza vilitoka kwenye sanduku moja la msaada, na sanduku lilikuwa linaelekea kuisha. Mfamasia wa hospitali, bwana mpole wa kusema mambo magumu huku akifuta miwani, alimweleza bila kumzungusha.

"Dada yangu, hatuagizi dawa ya mtu mmoja. Wakubwa wakiniuliza, nitawajibu nini? Mgonjwa mmoja kwao si ugonjwa, ni bahati mbaya."

"Na tukiwa wawili?"

"Wawili, angalau naweza kufungua mdomo."

Spika akatoka akicheka peke yake kwenye ukumbi wa hospitali. "Wenzangu wanatafuta wachumba," alimwambia Shemeji. "Mimi natafuta mgonjwa. Tena asiwe na masharti."

Kwa mtu mwenye gari la matangazo, kutafuta si kazi ngumu. Walirekodi kama walivyorekodi siku zote: asubuhi, gari limeegeshwa nyuma ya mabanda ya soko, mablanketi yametundikwa madirishani ili kelele zisiingie, Spika ndani na kinasa sauti mapajani, jasho likimchuruzika. Halafu Shemeji alikaa na kompyuta yake yenye ufa akikata: kikohozi, pumzi, honi ya mbali, neno lililojikwaa. Hiyo ndiyo sheria aliyowafundisha mume, na pengine ndiyo pekee aliyoifuata maishani. Sauti chafu haiuzi.

"Kope zako zinaanguka jioni? Ukizungumza sauti inapotea? Uji unakurudia puani? Hujarogwa, wala hujalewa. Njoo kwenye gari hili tuzungumze."

Kwenye sentensi ya mwisho ulimi ulianza kuwa mzito, na "tuzungumze" ikatoka kama mtu anayepuliza chai ya moto. Shemeji akainua mkono.

"Hiyo imechafuka. Pumzika, tuirudie."

Akapumzika, wakairudia. Ikachafuka tena, akapumzika tena. Kipande cha asubuhi hiyo kikaunganishwa na kipande cha asubuhi iliyofuata, na mwisho wake tangazo likateleza kama mafuta. Spika alilisikiliza kwa fahari. Hata yeye mwenyewe, asingejijua, angemwonea wivu huyo mwanamke.

Wakalizungusha mji mzima. Watu walisimama, walitabasamu. Mmoja alilifuata gari hadi kwenye kona kuuliza kama hiyo dawa ya kope inapatikana kwa jumla au rejareja tu. Mgonjwa hakuja.

Pale walipoegesha, jirani yao alikuwa Mama Mitumba, aliyeuza nguo za mtumba juu ya turubai na kuwajua wateja wake kwa mabega kabla ya sura.

"Sauti yako ingekuwa nguo, mwanangu, ingekuwa ya daraja la kwanza. Haina hata kifungo kilichopotea. Sasa huyo mgonjwa unayemsemea ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Wewe na utani wako." Mama alikung'uta shati. "Ugonjwa hautaniwi."

"Na binti yako siku hizi simwoni," Shemeji alidakia. "Au umemwoza kwa mtu mwingine?"

"Ana mambo yake," alisema Mama Mitumba, akalikunja shati lile, akalikunjua, akalikunja upya.

Soko lilikuwa na maelezo yake kuhusu binti huyo, lakini soko lina maelezo kuhusu kila mtu. Spika hakuuliza. Wakati huo kope moja ilikuwa imeshaanza kufunga duka, na alikuwa anautunza ulimi kwa ajili ya kazi.

Asubuhi moja Mama Mitumba alikuja garini kabla hajatandika turubai. Kanga yake ilikuwa imefungwa ndani nje.

"Nataka tangazo, mwanangu."

"Marobota mapya yameingia, mama? Leo tutawavalisha wote."

"La msiba. La binti yangu."

Spika alishuka garini. Shemeji alizima redio.

"Ni kifua," Mama Mitumba alisema, kama anayejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. "Kilichoka. Uji ulimrudia puani, halafu akaniambia mama, nimechoka kuvuta pumzi. Mimi nikamwambia, lala vizuri basi. Ndivyo nilivyomwambia. Lala vizuri."

Aliifungua kanga, akaifunga tena vile vile, ndani nje.

"Asubuhi alikuwa mzima kabisa, anaimba. Jioni macho haya yameanguka, ulimi mzito. Watu wakasema pombe. Kila siku nilimnusa kinywa. Sikuwahi kusikia harufu, hata mara moja. Lakini kila mtu anasema pombe, nami ni mzee. Nikaona labda ni pua yangu inayonidanganya. Nikamfungia ndani."

Spika alijishika kwenye mlango wa gari. "Mama, tangazo letu hakulisikia?"

"Alilisikia. Kila mkipita. Akaniuliza, mama, huyo si mimi? Nikamwambia, mwanangu, msikilize mwenyewe. Huyo anayesema hana tatizo lolote. Wewe ungeweza kusema hivyo?"

Shemeji aliinama kutafuta kitu chini ya kiti, na alikitafuta muda mrefu.

"Msemee vizuri," alisema Mama Mitumba. "Kwa hiyo sauti yako nzuri. Kusemwa vibaya, alishasemwa vya kutosha."

Alipoondoka, Shemeji alianza kutundika mablanketi. "Tuwahi, shemeji. Sauti bado ipo."

"Nipeleke hospitali kwanza."

Mfamasia, baada ya kuwasubirisha hadi alasiri, alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaifuta.

"Nakuamini, dada. Lakini hakupimwa, na sasa hatapimika. Siwezi kumwagizia dawa marehemu."

"Kwa hiyo mimi bado ni bahati mbaya."

"Pole." Alimsukumia bahasha ndogo. "Hivyo ndivyo vilivyobaki chini ya sanduku. Ningeongeza kama vingekuwepo."

Spika aliipima bahasha kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama ya kadi. Alitaka kumuuliza kama amealikwa harusini, ila utani ulifika hadi kwenye meno ukaishia hapo. Jua lilikuwa limeshainama.

Garini alikaa nyuma, akajivutia kinasa sauti mapajani.

"Sasa hivi?" Shemeji aliuliza. "Jicho moja limeshalala. Tusubiri kesho asubuhi."

"Kesho anazikwa. Rekodi."

"Mama kasema sauti nzuri."

"Sauti nzuri ndiyo iliyomfungia ndani." Maneno yalianza kupanda puani. "Rekodi. Na usikate."

Alisema jina la marehemu. Alisema mtoto wa nani na maziko ni wapi. Akasema hakuwa mlevi. Alikuwa na ugonjwa huu ninaoumwa mimi, na jioni sauti yake ilikuwa kama hii mnayoisikia. Kufika "mnayoisikia" ilikuwa ni kamasi na hewa tu. Alimeza, akapumua, mate yakamtoka pembeni ya mdomo, akamalizia. Shemeji alipeleka mkono kwenye kompyuta kwa mazoea, akauondoa, akaukalia.

Wakalipeleka barabarani hivyo hivyo. Kwenye gereji mafundi walisimamisha kazi, mmoja akaigiza ile sauti, wenzake wakapigana vikumbo kwa kicheko. "Leo Spika kaanza mapema." Kituoni mwanamke mmoja alitikisa kichwa: hata msiba hauheshimiwi siku hizi. Shemeji alikanyaga mafuta.

"Nilizime, shemeji?"

Spika alitikisa kichwa, kidogo, kwa kuwa shingo nayo ilikuwa imeanza.

Hakuna aliyelifuata gari. Waliupita mji wote, wakabakiwa na barabara ya kwenda msibani. Wanawake waliokaa mkekani waligeuka kwa hasira. Mama Mitumba alitoka mlangoni, akaja moja kwa moja hadi chini ya vipaza sauti, akasimama uso juu. Shemeji alipeleka kidole kwenye kitufe.

"Iache," alisema mama.

Tangazo likaendelea hadi mwisho, hadi kwenye hewa na kamasi. Spika aliinua kope yake kwa kidole ili amwone. Alitaka kumwambia nisamehe, mama, lakini ulimi ulikuwa umelala kama kitambaa kilicholowa. Kilichotoka kilikuwa mlio tu.

Mama Mitumba aligeuka haraka kuufuata mlio ule. Akamtazama Spika usoni: kope, taya, mate kidevuni. Alimtazama kama anavyotazama mabega ya wateja. Kisha akakisogelea kidevu kile, akakifuta kwa ncha ya kanga, taratibu, kama jambo alilolizoea kila jioni.

"Ndivyo alivyokuwa anasema," alisema. "Ndivyo hasa."

Mkekani mtu alicheka kwa chini, mwingine akamnyamazisha.

"Rudisha mwanzo," Mama Mitumba alimwambia Shemeji. "Nataka kumsikia tena."

Shemeji akarudisha mwanzo.