Rafu ya Walionusurika

Saa moja na robo asubuhi mwanga uliingia kwa dirisha la chumba cha kulala, ukavuka kitanda, ukashuka sakafuni, ukavikuta viatu vya mume palepale alipovivulia Jumatano.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya mashine. Siku ya mashine viatu huvaliwa kabla ya jua.

Mwanga hauulizi. Ulitambaa juu ya ngozi nyeusi ya kiatu cha kushoto, ukahamia cha kulia, ukaonyesha vumbi lililotanda juu ya vyote viwili, jepesi, sawasawa, kama unga uliopepetwa na mtu asiye na haraka. Mke alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Akalisoma vumbi lile kama alivyosoma kila kitu maishani mwake, kwa makini, bila kuruka mstari.

Figo za mume zilikuwa zimekoma kufanya kazi. Mara tatu kwa wiki damu yake ilitolewa, ikapita kwenye mashine, ikaoshwa, ikarudishwa mwilini. Jumatano alirudi, akavua viatu, akasema, "Mimi basi." Ijumaa hakwenda. Daktari alikuwa ameeleza mapema, bila kupamba neno, kwamba pasipo mashine maji hayana pa kutokea. Yataanza miguuni, yatapanda tumboni, yatafika kwenye mapafu. Yakifika huko, hakuna la kusubiri.

Miguu yake ilikuwa imeshajaa. Na maji yalikuwa yakipanda.

*

Mke alikuwa mkutubi. Katika maktaba yake kulikuwa na rafu moja karibu na dirisha, rafu ya tawasifu, ya watu waliopitishwa kwenye tundu la sindano wakatoka ng'ambo wakiwa na kisa cha kusimulia. Aliifahamu kama mganga afahamuvyo mkoba wake. Aliyefeli mtihani alipewa kitabu hiki, aliyeachwa na mchumba alipewa kile. Wasomaji wakambandika jina, Mama Dozi. Wakija wananong'ona mezani kwake, "Mama Dozi, mwenzio hali yangu mbaya, nipe kitu." Naye hakuuliza habari ndefu. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi na kitu.

Jumamosi alikwenda kwenye rafu hiyo kwa ajili yake mwenyewe. Hakuchagua. Alifagia kwa mkono safu nzima, akaijaza mkobani, akaibeba nyumbani bega moja likiwa limeshuka.

Enyi vitabu, mlibebwa siku hiyo kama ndoo za maji kwenda penye moto.

"Kuna kitabu," alianza mke asubuhi hiyo ya Jumatatu, akiweka chai juu ya kijimeza.

"Kipo," alisema mume. "Kwako siku zote kipo. Hata kiyama kikisimama, wewe utauliza namba ya rafu."

Alikuwa ameegemea mito mitatu. Akilala chali hakupata pumzi. Maisha yake ya kazi alikuwa fundi wa lifti. Alipandisha watu na kuwashusha, na aliwajua kwa makelele yao pale lifti inapokwama. Sasa alizungumza kama mtu anayepanda ngazi: maneno mawili, kituo, maneno matatu, kituo.

"Kuna kitabu cha mwanamke aliyejifungua gerezani," alisema mke. "Ukuta ulikuwa wa kijivu, mbingu haikuonekana. Akamfundisha mwanawe rangi kwa vipande vya nguo za wafungwa wenzake. Huyu ndiye bluu, huyu ndiye nyekundu."

"Akatoka?"

"Akatoka."

"Kuna kitabu cha mchimba visima," aliendelea mke. "Kisima kilimfukia. Akaimba humo chini nyimbo zote alizozijua, zikamwishia, akaanza kutunga zake, mpaka waliokuwa juu wakasikia."

"Akatoka?"

"Akatoka."

"Kuna kitabu cha mpaka rangi aliyekatika mikono yote miwili. Akajifunza kushika brashi kwa meno. Nyumba ya kwanza aliyoipaka ilikuwa ya jirani aliyemcheka."

"Rangi gani?"

"Ya njano."

Mume akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikakaa. Mke alisubiri kipite. Alitazama shingo yake, ile mishipa miwili iliyosimama kama kamba, akatambua kwamba Jumapili haikuwa imesimama hivyo.

"Amemkomesha," alisema mume, alipopata pumzi. "Lakini sikiliza, mke wangu. Wote hao wametoka. Aliyebaki kisimani hakupewa kalamu. Hiyo siyo rafu ya maisha. Hiyo ni rafu ya walionusurika."

Mke hakuwa mtu wa kubishana na jambo la kweli, hata linapomchoma.

*

"Hodi humu! Au mmehama hamkuaga?"

Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakungoja kukaribishwa. Alifika hadi ukingoni mwa kitanda, akafunua shuka upande wa chini, akatazama.

"We mdogo wangu, miguu hii ni yako au umeazima?"

"Nimeazima, dada. Mwenyewe anaidai."

"Sicheki mimi." Akamgeukia mke. "Wifi, mgonjwa halishwi karatasi. Mbebe!"

"Simwezi, wifi."

"Basi mburute. Mimi nashika huku, wewe shika kule. Kwani atatushtaki?"

"Nitawashtaki," alisema mume.

"Na hivi vitabu ndivyo vya nini? Watu wanakaa kujisifu kurasa mia tatu, mimi niliteseka, mimi nililia. Nani hakulia? Tungeandika wote, miti ingebaki?"

Akaketi kwenye kiti cha pembeni kwa kishindo. Kisha akajifunika uso kwa ncha ya mtandio, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika bila sauti. Hapo chumba kikajua kwamba hakuna aliyebakiwa na la kufanya.

Na maji yalikuwa yakipanda.

*

"Hakuna hata kimoja?" mume aliuliza. "Cha aliyeshindwa?"

Kilikuwepo. Mke alikijua, na kama angechagua Jumamosi asingekichukua. Kilikuwa chini kabisa ya mkoba, chembamba, jalada lake limepauka. Aliyekiandika alikuwa mshona magodoro. Aliugua, akaandika akiwa anaugua, na sura ya mwisho si yake. Iliandikwa na mumewe, kwa sababu mwenye kitabu hakuwepo tena kuiandika.

Mke hakujua kusema uongo kuhusu kitabu. Ndiyo kasoro yake.

"Kipo," alisema.

"Nisomee hicho."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akasoma. Sauti yake ya kusomea ilikuwa ileile ya siku zote, ya sawasawa, kila herufi imepewa haki yake. Mshona magodoro aliandika: Nimewalaza watu wa mji mzima, na mimi nimekosa ubavu wa kulalia. Aliandika: Wanaokuja kunitazama huniambia nijikaze, nami nashindwa kuwaeleza kwamba uzi uliokazwa sana ndio unaokatika. Mume alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu aliyekutana njiani na wa kwao.

Mwanga ulikuwa umeviacha viatu, umerudi kuelekea dirishani.

Mke akafungua ukurasa mwingine, akasoma:

"Naisha kidogo kidogo. Asubuhi kwa asubuhi, kijiko kwa kijiko."

Mume akafumbua macho. "Rudia."

"Naisha kidogo kidogo. Asubuhi kwa asubuhi..."

"Ameandika hivyo?"

Mke akatazama. Akasogeza kitabu karibu na macho. Kidole chake kikafuata mstari, kikafika mwisho wa neno la kwanza, kikaganda. Ilikuwa *i*. Ilikuwa *i*, imechapwa vizuri, wino wake mzima, nukta yake juu. Mshona magodoro alikuwa ameandika *naishi*. Naishi kidogo kidogo.

Herufi moja. Kuishi na kuisha hukaa nyumba moja, mlango wao ni herufi moja, na ulimi wake ulikuwa umepita mlango usio wake mara mbili.

Huyu ndiye mwanamke aliyesahihisha magazeti kwa penseli akinywa chai. Huyu ndiye aliyemrudisha mhubiri nyuma, katikati ya mahubiri, kwa sababu ya neno moja. Katika ndoa yao yote mume hakuwahi kumsikia akisoma kisichoandikwa.

"Kumbe umeshanizika," alisema mume polepole. Hakuwa na hasira. "Mimi nahangaika niwaage vipi, wewe umeshatandaza udongo."

"Ni macho tu."

"Macho yako hayajawahi."

Mke alifunga kitabu. Akakiweka mapajani. Akakifunika kwa mikono yote miwili.

"Nilidhani utaweza," alisema mume. "Hilo ndilo lililonipa moyo wa kusema basi. Nikajiambia, huyu ana dozi zake. Wajane wangapi wamepita mezani kwako? Uliwapa nini?"

"Niliwapa vitabu."

"Sasa? Si utajipa na wewe?"

"Havimaliziki," alisema. Sauti haikuwa ya kusomea tena. "Kitabu cha mjane kinaporudi, mgongo wake umekunjika kurasa za mwanzo tu. Huko mbele kimenyooka, hakijafunguliwa. Kila kimoja. Naviona. Navirudisha dirishani nampa mwingine, kwa sababu sina kitu kingine. Sina. Watu wananiita jina lile na mimi naitika." Akavuta pumzi, ikaingia vibaya. "Siwezi kukuambia kuna kitabu. Hakuna kitabu. Mimi nakuomba twende. Hivyo tu. Nakuomba kama mtu asiyejua kusoma."

Nje mtu alikuwa akiburuta ngazi ya chuma kwenye saruji, ikapita, ikaisha.

Mume alitazama dari. Fundi wa lifti hujua jambo moja kuhusu waliokwama: hawatulizwi na hotuba. Wanachotaka ni kusikia kwamba kuna mtu upande wa pili wa mlango, na kwamba na yeye anaogopa kiasi cha kuharakisha.

"Leo tu," alisema.

"Leo tu."

"Ya Jumatano siahidi."

"Sijakuuliza Jumatano."

"Dada, nipe viatu."

Viatu havikuingia. Mke alipiga magoti, akalegeza kamba mpaka tundu la mwisho, akasukuma. Kisigino kilikataa, na alama ya kidole chake ilibaki kwenye ngozi ya mguu kama kwenye unga uliokandwa. Akajaribu tena. Akajaribu kwa sabuni. Alikuwa akilia sasa bila kuficha, akisukuma kiatu kwenye mguu ambao haukuwa na nafasi ya kiatu, akisukuma na kusema, ingia, ingia, ingia.

"Toka hapo, wifi." Dada mtu alivua kandambili zake, pana kama mbao za kufulia. "Vaa hizi. Mguu wa mama yetu huo, siku zote nilisema umeufuja kwenye soksi."

Akatoka pekupeku, akiwa ameshika bega la kushoto la mdogo wake. Mke alishika la kulia. Nyumba yao ilikuwa ya ngazi, haikuwa na lifti. Kila ngazi mume alisimama, kila aliposimama walisimama, na mara moja katikati hapo pumzi ikakatika kabisa, uso ukabadilika rangi, na wanawake wawili wakatazamana juu ya kichwa chake. Kisha pumzi ikarudi na mlio wa bawaba.

Wakashuka.

*

Chumba cha mashine kilikuwa na vitanda sita. Vitano vilikuwa na watu. Muuguzi alimtazama miguu, akatazama kandambili, akaacha kazi aliyokuwa nayo.

"Baba, tulidhani umetutoroka."

"Nilitoroka. Nimekamatwa na wanawake wawili."

"Umejaa maji mno." Alikuwa ameshaanza kumfunga mkono. "Siwezi kukudanganya, leo itakuwa ngumu. Moyo umebeba mzigo. Ningependa ungekuja Ijumaa."

"Na mimi ningependa mengi," alisema mume.

Sindano ya kwanza haikupata mshipa. Muuguzi akaichomoa, akabonyeza pamba, akasubiri. Mke alitazama pamba ikigeuka rangi. Wifi alisimama ukutani pekupeku, midomo yake ikienda bila sauti.

Sindano ya pili iliingia. Damu ikajaza mrija, ikapanda, ikazunguka kona, ikaingia kwenye mashine.

Mke akavuta kiti. Akatoa kile kitabu chembamba. Kilipofunguka kilifunguka mbele mno, pale ambapo mwandishi anabadilika, pale ambapo mume wa mshona magodoro anaanza kwa kusema mkewe hayupo.

Mume aliona. Mkono wake usio na sindano ulisafiri juu ya shuka, polepole, ukaufunika ukurasa.

"Hapo bado," alisema.

Mke akarudisha kurasa, mpaka pale mshona magodoro mwenyewe alipokuwa bado anaandika. Juu ya kitanda taa ndogo ya mashine iliwaka nyekundu, ikazimika, ikawaka kijani, na mwanga wake ukaangukia karatasi.