Nyumba kwa Lori

Mwanasiti alikuwa na wivu wa kumtosha yeye na wanawake wote wa avenue yao, na ungebaki wa kuwagawia watu wa mtaa wa pili, Bwiza. Alilijua hilo mwenyewe, wala hakuona aibu. Kwa maoni yake, mke asiye na wivu ni mke aliyekwisha kuachwa, ila hajaletewa habari.

Tena wivu wake haukuwa wa kutangatanga. Ulikuwa na jina na mahali pa kuishi. Jina lilikuwa Hayat, na mahali palikuwa nyuma ya msikiti, palepale Buyenzi. Zamani, kabla Uthmani hajamwona Mwanasiti, wazee wake walipeleka posa kwa kina Hayat, na posa ikarudishwa. Fundi wa magari, grisi mpaka kwenye viwiko, nani ampe binti? Hayat akaolewa na Mohamadi, mwenye lori. Uthmani akamwoa Mwanasiti, wakapata binti yao Asiya, maisha yakaenda.

Yangekwenda vizuri zaidi lisingekuwapo lile lori. Lilikuwa Benz la zamani lenye pua, na likiumwa halikukubali fundi mwingine, katika mtaa ambao ukirusha jiwe halikosi kumpata fundi. Uthmani aliutambua mlio wake kabla halijakata kona. Anaweka kikombe chini, anasimama, anajifuta mikono kwenye suruali. Mwanasiti aliutazama msimamo ule miaka yote ya ndoa yao, kijiba cha roho kimemkaa hapa, kooni. Mwanamume hasimami hivyo kwa ajili ya injini, alijiambia. Kuna mtu nyuma ya injini.

Halafu Mohamadi akafa. Alikufa kwa homa, kitandani, kifo cha kawaida kabisa, na mwaka ule wa 1995, wa watu kuuawa mitaani, watu walikaribia kumwonea gere kwa kufa namna hiyo. Hayat akakaa eda. Mwanasiti alikwenda kuhani, akalia kweli, kisha akarudi nyumbani akiwa na wazo moja tu kichwani: sasa yule hana mume.

Mji nao ulikuwa umeharibika. Tangu risasi za Machi, nusu ya majirani walikuwa wamekimbia, na siku za ville morte, vijana wenye silaha walipokuwa wanafunga mji kwa mawe na matairi ya moto, hakuna gari lililofika kwenye garaje ya Uthmani. Siku nyingine likifika, mwenye gari hana cha kulipa. Baba mdogo wake alikuwa Tabora, akatuma salamu kwamba huko kuna kiwanja, kuna magari mabovu tele, na usiku watu wanalala. Hilo la kulala ndilo lililowamaliza. Wakaamua kuhama.

Kuhama kwa fundi si kubeba sanduku na kupanda basi. Kulikuwa na mashine ya kuchomelea, jeki, mapipa, injini mbili za kubomolewa vyuma, vitanda, na kabati la mvule la mama yake Mwanasiti. Lori lilihitajika, na wenye malori waliiogopa barabara ya kusini kama ukoma. Lililobaki ni moja tu, limelala uani, limefunikwa turubai. La Hayat. Mohamadi alikuwa amempa mbele ya mashahidi kabla ya kufa.

"Tukodi tu, Mama Asiya," alisema Uthmani wakiwa wanakula. "Iyi vita itaisha siku moja. Iyi nyumba ya mama yako ibaki, tukirudi tuikute. Mi njo nitaendesha. Nitawashusha Tabora, alafu nitarudisha kamyo kwa mwenyewe, niwafuate."

Maneno yalikuwa ya busara, na mtu mwingine angeyakubali huku anatafuna. Mwanasiti yeye alisikia manne tu: nitarudisha kamyo kwa mwenyewe. Mwenyewe ni nani? Akapiga hesabu harakaharaka. Mpaka wafike, washushe, mume apumzike, aianze safari ya kurudi, eda ya Hayat itakuwa imekwisha. Atamkuta amefungua mlango, amejitia manukato, hana mume, na mbele yake kasimama fundi aliyemtaka tangu ujana, mke wake yuko Tabora, nchi nyingine.

"Uende ukamuulize," Uthmani akaendelea. "Mi siwezi kuingia kwake."

Na kweli hakuweza. Kwa watu wa Buyenzi, mwanamke aliye edani haongei na mwanamume anayeweza kumwoa, hata kwa biashara, hata nyuma ya pazia. Shughuli zake hupitia kwa wanawake. Mwanamke anayapokea maneno huku, anayafikisha kule, anarudi na jibu. Ni amana, na tangu mtaa ujengwe hakuna aliyesikia kwamba mjumbe wa namna hiyo ametia mkono wake ndani. Ndiyo maana hakuna anayemhakiki.

Mwanasiti alijitanda, akaenda.

Alimkuta Hayat ameketi kwenye mkeka, hana hina, hana wanja, kanga ya kufifia, kama eda inavyotaka. Na alikuwa mzuri. Hilo lilimuudhi Mwanasiti kuliko angemkuta amejikwatua, maana wa kujikwatua unaweza kumsema.

"Karibu, dada. Baba Asiya yuko muzima?"

Ni swali la kila siku, kila mtu analiuliza. Mwanasiti akalipokea kama kofi.

"Yuko."

"Na Asiya?"

Ona! Mtoto ameulizwa wa pili.

"Tulisikia munahama," Hayat akasema kwa upole. "Kama ni mambo ya kamyo, musisumbuke. Mi na kaka yangu Twalibu tulishaongea, tulisema kama ni kukodi..."

"Apana," Mwanasiti akamkata. "Baba Asiya hataki kukodi. Anataka kuinunua."

Hata yeye alishangaa kujisikia. Lakini neno lilipokwisha kutoka aliliona ni zuri, limenyooka. Kitu kilichonunuliwa hakirudishwi! Mwenye lori lake hana safari ya kurudi kwa mtu.

"Kuuza sikuwaza. Alafu, dada, pesa zenyewe siku izi ni makaratasi. Mashemeji zangu wamesema eda ikiisha nitafute pa kwenda. Mi shida yangu si pesa. Shida yangu ni mahali pa kuweka kichwa."

Hapo ndipo Mwanasiti alipopaswa kuaga na kwenda zake. Badala yake alimwona mumewe akiegesha lori mbele ya mlango ule, akijifuta mikono kwenye suruali, na damu ikamchemka.

"Nyumba yetu basi," akasema. "We utoe kamyo, sisi tutoe nyumba."

"Nyumba ya mama yako?"

"Njo iyo."

Hayat akamshika mkono, akalia. Mwanasiti naye alilia, kwa mambo mengine kabisa. Ile nyumba mama yake aliijenga kwa kukaanga sambusa, chumba baada ya chumba, na alifia humo. Mwanasiti alizaliwa kwenye chumba cha nyuma, akamzaa Asiya kwenye chumba hichohicho. Njiani alipokuwa anarudi, miguu ilimwambia ageuke akafute maneno yake. Wivu ukaiambia miguu inyamaze.

Nyumbani alisema uongo wa pili, uliokuwa mwepesi kwa sababu wa kwanza ulikwisha kumfungulia njia.

"Hakodishi. Amekataa kabisa. Anauza tu, na anataka nyumba."

Uthmani aliweka chini spana aliyokuwa nayo. "Nyumba hii? Apana. Hata siku moja. Tutabaki hapa."

"Tubaki tufe?"

"Ni ya mama yako, Mwanasiti." Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu Asiya azaliwe. "Mi sina haki ya kuigusa."

"Haki ni yangu, na mi nimetoa."

Walibishana siku kadhaa. Mume alikuwa na hoja zote: akibembelezwa akakodisha unabaki na nyumba, ukinunua unabaki na vyuma vinavyokula mafuta. Mke alikuwa na hoja moja tu, na hiyo hakuweza kuitamka, kwa hiyo alitamka nyingine yoyote iliyopita karibu. Kwamba lori la kukodi lina haraka. Kwamba likiharibika porini watadaiwa. Kwamba nyumba inaweza kuchomwa kesho, lakini lori linakimbia. Hii ya mwisho ilimnyamazisha Uthmani, kwa kuwa walikuwa wameziona nyumba zilizochomwa. Alipokubali, uso wake uliwaka, ukawa wa kijana. Mwanasiti akauona, na akawa na wivu na lori lenyewe.

Walibadilishana mbele ya mashahidi, Twalibu akisimama kwa niaba ya dada yake. Uthmani akapewa lori, Twalibu akapewa nyumba, aikae mpaka Hayat atoke edani na kuhamia. Kabati la mvule halikupita mlangoni. Fundi aliyelitengeneza alilijengea mlemle ndani, na sasa hapakuwa na namna ya kulitoa ila kulivunja. Wakaliacha. Hayat atatundika nguo zake humo, Mwanasiti akawaza, na akajikaza asiangalie nyuma. Angalau analipa, na akishalipa mume ni wake. Tabora hakuna Hayat.

Asubuhi ya safari magari ya kusini yalikusanyika Kibenga, kando ya ziwa, kusubiri wanajeshi wa kuyasindikiza kupita Ruziba mpaka Rumonge, na mbele. Lori lilikuwa limeshehenishwa mpaka juu. Asiya alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Twalibu alikuwa amepanda nao mpaka hapo, kumwonyesha Uthmani breki za lori zinavyopenda kukanyagwa, kana kwamba Uthmani hakuwa mtu aliyezitengeneza breki hizo.

"Basi mi nitashuka hapa," Twalibu akasema, mguu mmoja tayari nje. "Mungu awafikishe. Unajua, shemeji, mi nilizani mi njo nitawapeleka. Dada alishanambia: wakikodi, we Twalibu njo utaendesha, uwashushe Tabora urudi na kamyo. Baba Asiya asitoke kwa bibi yake na mutoto mu vita namna hii. Basi mukataka kununua."

Mwanasiti alihisi masikio yanawaka. Angeendesha Twalibu. Angerudisha Twalibu. Uthmani asingekanyaga tena mlango wa Hayat, na nyumba ya mama ingekuwa palepale, imefungwa kwa kufuli, inawasubiri. Neno hilo la Hayat alilikata yeye mwenyewe katikati, kwa ulimi wake, kwa sababu mtoto aliulizwa wa pili.

Uthmani alimgeukia mkewe taratibu. "Wakikodi? Si alikataa kukodisha?"

"Nani alikataa?" Twalibu akashangaa. "Dada hakuwaza hata kuuza. Mama Asiya njo alikuja na maneno ya kununua. Na nyumba alitoa yeye."

Mwanasiti alisubiri. Alijiandaa kwa makelele, kwa kofi, kwa talaka hapohapo mbele ya wanajeshi. Asilolisubiri ni mume wake kujifuta macho.

"Mama Asiya," Uthmani akasema. "Kumbe ulijua. Mi sikukwambia hata siku moja. Tangu kijana natengeneza kamyo za watu, na kila moja nalala naiota kwamba ni yangu. Ulijua kwamba nikisikia nyumba ya mama yako inatoka kwa ajili yangu nitakataa. Njo maana ukadanganya." Akamshika mkono kwa ule wake wenye grisi, ambao kina Hayat waliukataa. "Hakuna mutu alishanifanyia hivi. Hata mama yangu muzazi."

Kwa hiyo alikuwa akisimama kwa ajili ya injini. Miaka yote ile, mjinga yule alikuwa akisimama kwa ajili ya injini tu! Mwanasiti alitaka kucheka na alitaka kujitupa ziwani.

"Haitakwenda bure," Uthmani akaendelea, ameshika usukani kwa mikono miwili, mwanamume mwingine kabisa. "Mi nilishawaza. Tabora muchele uko mwingi, hapa watu wanashinda na njaa. Kamyo haikai uani. Nikisha kuwashusha nitapakia, nitapanda huku. Kila mwezi nitakuwa hapa. Na kila nikija nitalala palepale kwa mama, niangalie bati, niangalie kuta, Hayat ni mwanamuke wa peke yake hawezi vitu hivyo. Nakuapia, ile nyumba haitaharibika. Nitaitunza kama yako."

"Karibu kabisa, shemeji," Twalibu akasema, uso umechanua. "Safari ya kwanza tu eda itakuwa imeisha. Dada atakupokea yeye mwenyewe. Atakupikia, akushukuru."

Filimbi ikalia mbele. Magari yakaanza kuunguruma, moja baada ya jingine. Twalibu akaruka chini, akapungia mkono.

Mwanasiti akafungua mdomo. Angesema nini? Usirudi? Nyumba ya mama yangu usiitunze? Sikukununulia lori, nilikununulia kamba ya kukufunga? Mume alikuwa akimtazama kwa macho ambayo alikuwa akiyatamani tangu siku ya harusi, na yalikuwa yake peke yake, na ili abaki nayo ilimbidi anyamaze.

"Asante, Baba Asiya," akasema.

Uthmani akatia gea.