Hisa Alizozikataa Bibi Pindo

Tangu Jumapili ile mikono ya Bibi Pindo ilikuwa haimtii. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya ushonaji wake: gauni lake lingeweza kuchakaa mpaka likawa tambara la deki, na pindo bado limeshika. Sasa alikuwa akifumua kola ya shati moja kwa mara ya pili, na mwenye shati amekaa kwenye benchi anamtazama.

"Fundi, umeamkaje leo?"

"Nimeamka, namshukuru Mungu."

"Umeamka, ila naona mikono imebaki kitandani."

Akacheka kidogo ili mteja naye acheke, akaendelea kufumua.

Kilichomvuruga ni maneno ya kifunguamimba wake, aliyekuwa na kibanda cha makava na chaja za simu. Jumapili, baada ya kula, kijana alivuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamwekea simu mbele ya macho.

"Mama, humu kuna hesabu. Unaandika mwaka, unaandika hela ambayo ungeiweka, unabonyeza. Basi."

Akaandika mwaka ule ambao kampuni ya umeme iliwauzia wafanyakazi wake hisa kwa bei ya chee. Akaandika kiasi kile kile alichokuwa nacho marehemu baba yake, fundi wa nyaya. Akabonyeza. Namba iliyotoka ilikuwa ndefu mpaka mke wa kijana, aliyekuwa anaondoa sahani, akasimama nazo mkononi.

"Hiyo ni hela au namba ya simu?"

"Hela. Na gawio unakuwa huli, kila mwaka unalirudisha kununua hisa nyingine. Unaziacha tu zinazaana."

Bibi Pindo aliikumbuka siku ile vizuri. Mumewe alirudi kutoka kazini anameremeta kama mtoto aliyenunuliwa viatu, akamweleza habari za hisa, naye akamkatalia. Paa lilikuwa linavuja, watoto wanalala wamekunjamana kwenye kona moja kavu. Alisema mabati kwanza. Mumewe hakubishana. Alinunua mabati.

"Baba angepelekwa kule madaktari walikosema anaweza kubadilishwa figo," kijana alisema. Alisema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo palipouma. "Asingekufa, mama."

Mkewe alimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Sikulaumu," akaendelea. "Nasema tusikose tena. Benki inatukopesha tukiweka nyumba rehani. Tunanunua hisa zile zile za kampuni ile ile. Watu wataacha kula kabla hawajaacha umeme. Hati ina jina lako; Jumapili ijayo naichukua, Jumatatu yake ni kuweka sahihi tu. Nimechoka kuuza makava, mama. Nataka wanangu nao wakute kitu."

Bibi Pindo hakusema ndiyo wala hapana. Alisema ataomba kwanza. Na aliomba kweli, lakini kila alipofumba macho aliiona ile namba imekaa pale anapopaswa kukaa Mungu. Kilichomtisha hakikuwa benki. Alijitisha mwenyewe. Aliwahi kusema hapana, na huenda hapana ile ndiyo iliyomzika mumewe. Sasa aseme tena kwa mdomo upi?

Ijumaa akafunika cherehani, akatoka kwenda kumtafuta mtu aliyezinunua hisa zile akakaa nazo. Alianza kwa msimamizi wa zamani wa mumewe, akamkuta barazani anajipepea kwa gazeti.

"Hisa? Lo, shemeji! Niliziuza mwaka wa pili nikanunua pikipiki. Na pikipiki yenyewe ikanitia mtaroni." Akamwonyesha kovu la goti kama mtu anayeonyesha risiti. "Kama unamtaka aliyezishika, nenda kwa Koleo. Yule hata chafya haachii."

Koleo alikuwa mtunza stoo wa kampuni. Mafundi walimbandika jina hilo kwa sababu kitu kikiingia mkononi mwake, kukitoa ilikuwa kazi. Bibi Pindo alimkuta kwenye nyumba kubwa ya vigae, sofa bado zimevaa nailoni za dukani. Mzee alimletea maji mwenyewe, kwenye sinia, akaweka bilauri kwa uangalifu kama mtoto aliyelala.

Bibi Pindo akamweleza yote, mpaka ile namba.

"Mwanao hasemi uongo," Koleo alisema. "Zangu zimefika hapo, zimepita kidogo. Nyumba hii ni gawio la miaka hii ya mwisho tu. Hisa zenyewe sijazigusa."

"Hukuuza hata moja?"

"Hata moja, shemeji."

Basi ilikuwa kweli. Hakuwa amekuja kuambiwa hivyo. Sasa aligundua kwamba alikuwa amekuja kuambiwa ni uzushi, akalale. Alimaliza maji, akashukuru, akainuka.

"Na mwenzangu, mama wa nyumba hii, yuko wapi, nimsalimie kabla sijaondoka?"

Koleo alimtazama. "Hukupata habari? Alitangulia zamani. Uvimbe tumboni."

"Mungu amrehemu. Nisamehe, shemeji, sikusikia."

Alikaa tena, maana huwezi kumwacha mtu amesimama na neno kama hilo. Mzee alikuwa anaizungusha bilauri tupu.

"Daktari alisema apasuliwe haraka. Na mimi hela yangu yote ilikuwa kule kwenye hisa. Mwaka ule wa ukame, unaukumbuka? Mabwawa yamekauka, umeme wa mgawo, hisa za kampuni zimeanguka mpaka hakuna anayezitaka. Kuuza ilikuwa kutupa zaidi ya nusu. Nikamwambia mke wangu, vumilia kidogo zipande, ndipo niuze."

"Zikapanda?"

"Zikapanda sana." Akaiweka bilauri. "Yeye hakuzingoja."

Akaisogeza sinia pembeni.

"Sikwambii msinunue," Koleo alisema. "Nitasemaje hivyo nami nimekalia sofa ya hela hiyo hiyo? Nakwambia tu ilivyokuwa."

Jumapili kijana alikuja na mkewe, na bahasha ya kutilia hati. Kabla hajakaa, mama yake akasema, "Baba, hebu fungua ile hesabu. Nionyeshe mwaka wa ukame."

Mstari wa bei ulipanda kwenye kioo cha simu kama njia ya mlimani. Ilibidi kijana aukuze kwa vidole viwili ndipo kikaonekana kibonde, kidogo kuliko ukucha.

"Hapa. Si kitu, mama, si unaona ilirudi?"

"Ilirudi baada ya muda gani?"

"Kama miaka miwili, mitatu."

Bibi Pindo alikitazama kile kibonde, akamwona mke wa Koleo ndani yake, amelala, anaambiwa avumilie.

"Nyumba siweki, mwanangu."

"Kwa sababu ya kashimo haka?"

"Benki haitatungoja mle shimoni. Tununue kwa hela ya cherehani, kidogo kidogo, nipo. Nyumba, hapana."

"Kidogo kidogo!" Kijana alisimama. "Kwa kidogo kidogo nitazeeka kibandani! Na huo ukame usipokuja je? Zikipanda tu, kama zilivyopanda?"

"Zikipanda, nitakuwa nimekosea mara ya pili."

"Na baba utamwambia nini?"

Mkewe alishika mdomo. Bibi Pindo hakuinamisha uso.

"Nitakapokutana naye nitamuuliza mwenyewe kama nilikosea. Kila siku najiandaa."

Kijana alichukua bahasha tupu, akatoka bila kuaga. Mkewe alibaki akihangaika na mkoba wake. "Ameudhika tu, mama. Atatulia."

"Mfuate, mwanangu. Asitembee peke yake."

Alipobaki peke yake alisimama mlangoni, akamwona mwanawe anapita kwenye uchochoro, mabega juu, anatembea vile vile kama marehemu baba yake. Alitamani kumwita. Alijua akimwita, kijana akageuka, naye mama akauona uso ule, atasema ndiyo. Akaubana mdomo kwa upindo wa khanga mpaka kijana alipokata kona. Ndipo akaingia ndani, akapiga magoti chini ya mabati yake, na kwa muda mrefu hakujua kama alikuwa amekuja kushukuru au kuomba msamaha.