Kwa Zakari Inawaka, Kwetu Inakufa

Nasema wazi: kama siku ile ningekuwa na nyundo mkononi, ile kompyuta ingeishia kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Ilizima tena. Si kioo peke yake, hapana, mashine yote, pu! Na mama yangu, mama Ngalula, alikuwa amekaa mbele yake, pua karibu inagusa kioo, kitambaa cha kilio kichwani, anangoja kumuona mwanawe.

"Imekufa tena?" akauliza.

"Imekufa tena, mama."

"Basi tungoje."

Tungoje nini? Macho yake ndiyo hayakuwa yanangoja. Ni presha ya macho. La kuume lilikwisha kufunga zamani, na la kushoto lilibaki na kitundu kidogo katikati. Yeye mwenyewe alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari alituambia bila kupindapinda: kinachokwenda hakirudi. Na kaka yangu Donat tulikuwa tumemzika Katuba hapa hapa, mtaani kwetu, malaria ilimpanda kichwani alipotoka kazini mgodini Kinsevere, hata kuaga hakuaga. Mama akawa na ombi moja tu. Picha za karatasi hazitaki, eti mule Donat amesimama kama mti. Anataka kumuona akitembea.

Akitembea alikuwepo mahali pamoja tu: kwenye filamu ya ndoa ya mdogo wetu Delphine. Aliyeipiga alikuwa na kamera ya kisasa, filamu ikatoka nzito ajabu. Televisheni ilikataa kuifungua. Kioo cha simu ni kidogo mno, mama hataona kitu. Kompyuta yetu ilikuwa na kioo kikubwa, lakini picha zilikwama, mtu anainua mguu na mguu unabaki hewani. Ndipo Aristote, mtoto wa mama mdogo, anayejua mambo ya mashine, akasema dawa ni kadi mpya ya picha, carte graphique. Tukainunua mjini kwa papa Zakari, mzee wa kutoka Maniema, mpole, kofia yake haitoki kichwani. Nilimtukana huyo mzee, Mungu anisamehe, na hakuwa na kosa lolote.

Kwa sababu kadi tuliitia ndani, mashine ikawaka vizuri, madirisha yakafunguka haraka haraka, Aristote akajigamba mpaka akataka bia. Tukafungua filamu. Pu! Tukangoja, tukawasha, tukafungua. Pu! Bila filamu, hata mchana kutwa inawaka. Ukigusa filamu tu, inakufa.

"Ni alimentation, yaya Léa," Aristote akaniambia, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Haina nguvu ya kulisha hii karte."

Akabadilisha hiyo alimentation, kisanduku cha kugawa umeme ndani ya mashine. Pu. Akapangusa vumbi, akatoa kadi, akairudisha, akaikandamiza mpaka nikasikia inalia. Pu. Akarudisha kadi ya zamani: filamu ikakwama kama kawaida, lakini mashine haikuzima.

"Unaona sasa? Karte njo mbaya," akasema, yaani kadi ndiyo yenye kosa.

Hapo nilifunga kasha la kompyuta kwenye kitenge kama mtoto mchanga, nikalipakata mpaka mjini, watu wananicheka njiani. Nikaingia dukani kwa Zakari nikipiga kelele kwamba ametuuzia takataka, kwamba anamuibia mjane na mfiwa. Mzee akachomeka kasha letu mezani pake, akafungua filamu yetu. Na filamu ikacheza! Laini kama mafuta. Nikamuona Donat anaingia ukumbini na suti yake ya kaki, anatembea na mwendo wake ule wa kuyumbisha bega. Machozi yakanitoka mbele za wateja.

"Zima!" nikamwambia mzee. "Wa kwanza kumuona ni mama."

"Mulete hapa basi, mwana wangu," Zakari akasema. "Mi nitafunga duka, aangarie na roho yake yote."

Lakini mama alikataa. Kilio chetu hakijaondolewa, na mama mwenye kilio haendi mjini kukaa dukani mwa watu kutazama ndoa. "Bantu batasema nini? Donat asikie haya kwa ajili yangu?" Ukimjua mama yangu, unajua maneno yameishia pale.

Basi nikalirudisha kasha Katuba. Pu! Kwa Zakari inawaka, kwetu inakufa. Niambie, ungefikiri nini? Jirani akaja kuninong'oneza kwamba kuna mtu hataki Donat aonekane. Nilimfukuza, lakini yale maneno yalibaki tumboni. Nilikuwa nimefika mahali ambapo ningekubali hata uchawi, alimradi uchawi una fundi wake. Nilimkaripia Aristote, nikawakaripia kuku, nikamkaripia hata marehemu: kwa nini hukujipiga filamu nyepesi, wewe! Na kila nilipomuona mama anapapasa meza kutafuta kikombe kilicho mbele yake, moyo wangu ulikuwa unakatika.

Siku ninayosema, aliposema "tungoje", nikaondoka nisije nikasema neno baya. Nikaenda kufungua friji ninywe maji. Friji kimya. Taa yake ya ndani haikuwaka. Courant imekatika? Lakini balbu ya barazani ilikuwa inawaka kabisa, na redio ya jirani inaimba. Nikasimama pale, mlango wa friji wazi. Umeme upo, friji imekufa, kompyuta imekufa. Ni nini kinachoziunganisha hizi mbili?

Mama wee! Régulateur!

Lazima uelewe nyumba yetu. Zamani umeme ulipanda ghafla ukaunguza televisheni, friji na pasi kwa mpigo mmoja. Baba, alipokuwa hai, akaleta régulateur, lile sanduku la chuma linalotuliza umeme, akaapa kwamba katika nyumba yake hakuna kitu kitakachochomekwa ukutani bila kupita pale. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tumekua na sheria hiyo kama amri ya kanisa. Tulichunguza kila kitu, ila lile sanduku hatukulitazama, kwa kuwa ndilo la kutulinda. Kumbe kadi ikianza kazi na filamu inavuta umeme mwingi, sanduku linaelemewa, linakata, linapumzika kidogo, linarudi lenyewe. Na friji yetu hunyamaza mara kwa mara, nani angeshtuka?

Nikaita Aristote. Tukachomoa friji, tukaacha kompyuta peke yake kwenye régulateur. Ikachelewa kidogo kufa, lakini ikafa.

"Tuweke moja kwa moja ku mur," nikasema, nikionyesha soketi ya ukutani.

"Yaya Léa, apana! Courant ikipanda, iko inaunguza yote. Na filamu iko mule tu, hatuna ingine."

"Najua."

"Nipe siku mbili, nitafute disque ya kuinakili. Haraka haraka haina baraka."

"Baraka gani? Hiyo haraka niko nayo mi, ao macho ya mama?"

Akachomoa waya kwenye régulateur, akanipa. Nikaomba salamu Maria moja, ya mbio mbio, maneno yakagongana. Nikachomeka ukutani. Waya ukagonga ukuta mara kadhaa kabla ya kuingia.

Ikawaka. Tukafunga mapazia ili mama aone vizuri. Aristote akafungua filamu, na mimi nikaziba masikio kama mtoto anayengoja radi. Hakuna pu. Muziki wa ukumbi ukajaa nyumbani, na Donat akaingia na suti yake ya kaki, bega likiyumba, mzima, mkubwa kioo kizima. Akaikaribia kamera, akacheka, akapaza sauti:

"Mama! Mama, angaria huku!"

Nikapiga vigelegele. Nikageuka kwa mama. Alikuwa ameinamia kioo, mdomo wazi, mkono umenyooshwa.

"Namusikia," akasema. "Anasema niangarie. Niangarie wapi? Léa, naona weupe tu. Picha haiyafika?"

Aristote akafungua kinywa. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

"Iko ile karte tena, eh?" mama akauliza. Kulikuwa na matumaini katika sauti yake, na ndiyo yaliyoniua.

"Njo ile karte, mama," nikasema. "Sauti inatoka, picha inakataa. Zakari alitupatia mubaya."

"Mwambie abadirishe."

"Atabadirisha, mama."

"Basi niacheni nisikie sauti kwanza."

Tukakaa. Nilikuwa nalia bila kutoa sauti, najiuma kidole. Kwenye filamu mjomba Adalbert alikuwa amesimama kutoa mawaidha ya ndoa, marefu kama ya siku zote: mke afanye hivi, mume afanye vile. Donat akajileta nyuma yake. Amejaza kuku mdomoni, mashavu mawili yamevimba, na anamuiga mjomba neno kwa neno, kidole hewani, nyusi juu. Mwenyewe hatoi sauti. Mjomba akahisi kitu, akageuka. Donat akakunja mikono kifuani, akainua macho juu, sanamu kamili ya mtakatifu, kuku bado mdomoni.

Sikujua kama kicheko kinakuja. Kilinitoka puani pamoja na machozi, na Aristote naye akapasuka.

Mama akatugeuzia sikio. Mjomba Adalbert bado anahubiri subira. Polepole mama akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya kioo, juu ya uso wa Donat kabisa, bila kujua.

"Léa," akasema, "Adalbert anahubiri. Unacheka nini?"

Nikajipangusa pua kwa kitenge.

"Nakuuliza, mwana wangu. Donat iko anafanya nini?"

Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikamshika mkono mwingine.

"Iko na kuku mu kinywa, mama," nikasema. "Mashavu yote mbili."