Januari Iliyopigiwa Kura

Jumapili ya tarehe moja Februari Salvina aliamka, akafagia uwanja, akawasha moto na kuinjika chungu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwao ndiyo chai ya asubuhi. Alikuwa anapuliza kuni pale jirani yao Rebeka alipopita kwa nje, amevaa gauni la sikukuu.

"Heri ya mwaka mpya, mwanangu!"

"Shikamoo mama," Salvina akajibu, macho yake kwenye moto.

"Marahaba. Huji kanisani leo? Mwaka ndiyo kwanza unaanza."

Salvina aliendelea kupuliza kuni. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na hakupenda kusahihisha watu.

Kigangoni, katekista aliongoza sala za mwaka mpya na watu wakaimba nyimbo za Noeli mpaka jasho likawatoka. Baadaye mmoja akatazama simu yake, na wa pili yake, na zote zilisema Februari. Hivyo ndivyo kijiji kile, kilicho mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabara ya lami ya Tinde, kilivyojua kwamba kililala tarehe thelathini na moja Desemba na kuamka Februari. Januari haikuwamo vichwani mwao. Waliitafuta kidogo, kama mtu anavyopapasa mfuko uliotoboka, kisha wakaenda kula.

Ushahidi kwamba mwezi ulipita ulikuwapo. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni na palizi ilikuwa imefanyika, safi, hadi kwenye mipaka. Wanaume walizunguka mashamba wakapongezana kwa kazi nzuri waliyoifanya, ingawa malengelenge yalikuwa mikononi mwa wanawake tu. Mzee mmoja alikuta mkewe hamsemeshi na hakujua kwa kosa gani, akamwomba radhi kwa ujumla, kama alivyozoea.

Kwa Maige, baba yake Salvina, palikuwa na mambo mawili. Zizini mlikuwa na ng'ombe wengi wageni, na Loveness hakuwapo. Maige aliona ng'ombe kwanza. Aliwazunguka mara tatu, akawapa majina, akasema Mungu ni mwema. Mkewe alisimama mlangoni akaita, "Loveness! We Loveness!" mpaka michembe ikapoa.

Loveness alikuwa mdogo wake Salvina, miaka kumi na minne. Alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile kufaulu darasa la saba, na jina lake lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji pamoja na la shule aliyochaguliwa, kidato cha kwanza, bweni.

"Mama," Salvina akasema, "mlimwoza."

"Nani?"

"Loveness. Mlimwoza kwa Amosi, yule mwenye karasha ya kusaga mawe ya dhahabu kule Runzewe. Tarehe kumi Januari. Wewe ndiye uliyemsuka."

Mama yake alivitazama vidole vyake kama vya mtu aliyemwazima.

"Nilimsuka mtindo gani?"

"Twende kilioni."

"Huo ni rahisi," mama yake akasema, akarudi jikoni.

Kwa nini Salvina aliikumbuka Januari yote, siku kwa siku, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Yamkini usahaulifu ulipita nyumba kwa nyumba ukihesabu vichwa, na kichwa chake ukakiruka, kama walivyokiruka wagawa vyandarua mwaka juzi. Alizoea. Aliachishwa shule darasa la nne ili achunge ng'ombe watatu waliokuwapo wakati ule, na mwalimu wa zamu aliendelea kumwita kwenye daftari la mahudhurio kwa miezi miwili, akijiitikia mwenyewe.

Habari kwamba Salvina anakumbuka zilienea. Kufikia Jumatatu mchana watu walikuwa wamepanga foleni nje ya jiko lao. Watu ambao miaka yote walimsalimia kwa kidevu sasa walimletea mayai. Kila mmoja alitaka Januari yake. Salvina alimpa, kwa sauti ya chini, akiendelea kupepeta mchele.

"Wewe ulikunywa siku tano mfululizo, ukalala kwenye mtaro wa skimu ya umwagiliaji."

"Mimi?"

"Na siku ya sita ukaenda kuudai mtaro kiatu chako."

Walichukia. Mmoja alichukua mayai yake akaondoka nayo. Mwingine aliomba, kwa adabu, apewe Januari nyingine nzuri zaidi, maana hiyo haimfanani. Salvina akasema hana nyingine.

Angeweza kunyamaza tangu siku ile. Lakini kulikuwa na barua kutoka kwa mkuu wa shule ya Loveness. Ilisema nafasi ya mwanafunzi ambaye hajaripoti itashikiliwa mpaka mwisho wa Februari, baada ya hapo atapewa mwingine. Salvina aliisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Akawaza hivi: kijiji kizima kilikula nyama ya harusi ile. Kikikiri chenyewe kilichofanya, baba atalazimika kurudisha ng'ombe, na Loveness atakaa kwenye dawati kabla mwezi haujaisha. Kwa hiyo Mwenyekiti alipomwita mkutanoni aje aeleze, alikwenda.

Mkutano ulifanyika Jumatano ndani ya ghala la pamba la ushirika, ambalo msimu huo lilikuwa tupu. Mwenyekiti wa kijiji, Herman, alikaa juu ya mzani.

"Ajenda ni moja," alisema. "Januari. Kata wanataka taarifa ya mwezi, na daftari langu lina kurasa nne nyeupe kama macho ya mbuzi aliyekufa."

"Andika tulilima," mtu akasema kutoka nyuma.

"Andika tulilima sana!" mwingine akaongeza, na ghala zima likacheka.

Salvina alisimama. Alishika pindo la kanga na kuongea na sakafu. Akawapa mvua ya tarehe tatu iliyong'oa paa la choo cha shule. Akawapa ndama wa Rebeka aliyezaliwa na masikio matatu, na jinsi walivyolikata la ziada ili asionekane mbaya sokoni. Akafika tarehe nane, wazee sita walipokaa kwa baba yake tangu asubuhi wakibishana rangi za ng'ombe, na mmoja akasema msichana anayejua kusoma apunguziwe mmoja maana atasumbua.

"Tarehe kumi mkaja wote," alisema. "Hakuna nyumba ambayo haikuleta mtu. Mama Rebeka, wewe ulipiga vigelegele ukapasuka sauti. Mwenyekiti, wewe ulipewa ini."

Hakuna aliyeshtuka. Herman alifikiri.

"Lilikuwa limeiva?"

"Uliomba chumvi."

"Ni kweli mimi napenda chumvi," Herman alikubali. "Lakini hilo si ushahidi. Nani mwingine anakumbuka?"

Wakatazamana. Maige akasafisha koo. Alikuwa mtu mfupi ambaye, tangu ng'ombe waje, alikuwa ametembea kama mrefu.

"Mwenyekiti, mimi ni mzazi. Mtoto wangu alifaulu. Mtoto akifaulu anakwenda wapi? Anakwenda shule. Basi Loveness yuko shule. Huyu dada yake ana wivu kwa sababu yeye hakumaliza."

"Aliyemwachisha nani?" sauti ya mwanamke ikauliza, lakini ilipotafutwa haikuwa ya mtu yeyote.

"Bado sijamaliza," Salvina alisema. "Loveness mwenyewe alisema—"

"Umemaliza," Herman akasema kwa upole. "Mwanangu, mtu mmoja anayekumbuka peke yake hana tofauti na mtu anayeota. Tupige kura. Wanaoafiki kwamba Loveness Maige yuko shuleni, bwenini, wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka. Wengine walinyoosha yote miwili, wasije wakaonekana hawapendi elimu. Mama yake Salvina alinyoosha wa mwisho, na wake haukupita kiwiko.

"Na ng'ombe?" mtu akauliza.

"Andika baraka," katekista akashauri, na ikaandikwa.

Kufikia jioni watu walianza kukumbuka. Kumbukumbu zilikuja kwa utulivu, kama maji yanavyopanda kisimani. Rebeka alikumbuka alivyombebea Loveness sanduku la bati kichwani mpaka Tinde, na shingo ikaanza kumuuma. Maige alikumbuka nasaha alizompa binti yake kituoni, maneno mazito, akawa anayarudia kwa yeyote aliyepita, na kila mara yakiongezeka. Herman alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyelipia nauli. Mlevi wa mtaroni alikumbuka kwamba mwezi mzima hakugusa pombe, akasherehekea.

Mama yake Salvina alikumbuka sweta. Lilikuwa la kijani, kubwa kidogo, ili akue nalo. Alimweleza Salvina vifungo vyake, vinne na kimoja cha akiba kwa ndani. Alieleza huku akitabasamu na machozi yakimtoka, na Salvina, ambaye hakuwahi kuona sweta lolote, alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi yake mama alifunga karanga kwenye kitambaa.

"Akienda mtu upande wa shule ampelekee," alisema. "Chakula cha bweni hakina mafuta."

Salvina alikaa na hizo karanga siku tatu. Siku ya nne aliuza matetea wake wawili, akatembea mpaka Tinde, akapanda basi la Kahama, na kutoka Kahama jingine la Runzewe. Hakuaga. Hakuna aliyeuliza anakokwenda, na hilo lilimwepusha na uongo.

Runzewe hakuhitaji kuelekezwa. Alifuata mngurumo wa karasha. Nyuma ya banda la mabati alimkuta Loveness amechuchumaa kati ya marundo ya mawe, akiyagonga kwa nyundo ili yatoshe kuingia kinywani mwa mashine. Vumbi lilikuwa limempaka kijivu kuanzia nywele hadi nyayo. Kichwani twende kilioni ilikuwa imefumuka nusu.

"Dada," Loveness akasema, wala hakuacha kugonga. "Umekuja kunigombeza?"

"Nikugombeze nini?"

"Kutoroka shule. Niliamka tu humu tarehe moja. Nikamuuliza yeye nimefikaje, akasema nilikuja mwenyewe kwa miguu yangu, nikapiga magoti, nikamwomba anioe." Alipangusa pua kwa mkono, ukaacha mstari wa ngozi. "Dada, mimi sijijui. Nilikuwa mtu wa namna hiyo?"

Salvina alifungua mdomo, lakini Amosi alikuwa amekwisha kuwaona. Alikuja akifuta mikono kwenye suruali, mtu mnene mwenye meno mazuri.

"Shemeji! Karibu sana. Habari za Tinde?"

"Nzuri."

"Nasikia huko kuna mtu anakumbuka Januari. Habari zimefika hadi huku, maana na sisi mwezi huo hatuna."

"Ni mimi."

Amosi hakushangaa. Alifurahi, kama mtu aliyepatiwa stakabadhi iliyopotea. Alileta kigoda akakipangusa kwa kofia yake, akaenda kuwaita majirani watatu pamoja na balozi wa nyumba kumi, ambaye tangu mwezi uanze alikuwa akiulizauliza yule binti mdogo ni wa nani.

"Huyu shemeji yangu alikuwapo," Amosi akawatangazia. "Shemeji, waambie. Kulikuwa na harusi au hakukuwa?"

Salvina aliwatazama. Huko ghalani alimwaga ukweli ukakosa pa kukaa, na hapa watu walikuwa wameuwekea kigoda.

"Ilikuwapo," alisema.

"Na ng'ombe?"

"Walikuja."

"Mimi nilivaa nini?"

"Suti ya kahawia. Lebo ilikuwa bado kwenye mkono."

"Suti!" Amosi akawageukia majirani. "Mnasikia?"

"Hapo sawa," balozi akasema, akafunga daftari lake. "Sisi tulidhani umemwiba. Kumbe kuna ng'ombe." Akamshukuru Salvina kwa kumbukumbu nzuri, akamwambia kijana mkweli kama yeye ni adimu siku hizi, akaondoka na wenzake kwenda kunywa soda ambazo Amosi aliwaagizia.

"Hamkuniuliza kama alikubali," Salvina akasema nyuma yao. Aliisema kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusikika kupita karasha.

Amosi aligeuka nusu, bado akicheka. "Ah, shemeji. Kukataa si ndiyo adabu ya bibi harusi?" Akaendelea na safari yake ya soda.

Loveness alikuwa ameacha kugonga. Nyundo ilikuwa imelala mapajani.

"Nilikataa?"

"Ulikataa."

"Mimi mwenyewe? Kwa mdomo?"

"Wazee walipokuita ndani ukasema hapana. Mama alipokuwa anakusuka ukasema hapana, ukavuta kichwa, ndiyo maana mstari wa kushoto umepinda. Kanisani katekista alipokuuliza, ukasema hapana, watu wote wakasikia, akauliza tena."

Loveness alipeleka mkono kwenye mstari wa kushoto akaufuata kwa kidole kimoja, taratibu, kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Ulikuwa umepinda.

"Mara tatu," alisema.

"Tatu."

"Na ya nne?"

"Ya nne mjomba alikufunika mdomo kwa kanga. Ulisema, lakini haikutoka."

Loveness alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeelekezwa nyumba na sasa anaijua. Salvina akafungua kitambaa. Wakatafuna karanga, vumbi likiwaangukia wote wawili sawasawa, mpaka kelele ya mashine ikabadilika na sauti ya Amosi ikaita kutoka kibandani kwamba mawe yamekwisha. Loveness akajaza karai, akajitwika, akaenda.