Kanuni ya Sandwichi

Noelene Pascoe alikuwa na kanuni moja ya kuchagua hisa, na kanuni yenyewe ilihusu sandwichi. Alikuwa ameirithi kwa marehemu mumewe, Clarrie, fundi bomba wa Bendigo aliyeanza kununua hisa mwaka 1983 bila elimu yoyote ya fedha zaidi ya macho na tumbo lake. Clarrie alisema ripoti za kampuni huandikwa na watu wanaolipwa waziandike vizuri, ila chakula cha mkutano mkuu hakijui kudanganya. Wakikupa biskuti kavu, kampuni imeishiwa. Wakikupa sandwichi za mayai na chai ya moto, mambo ni shwari, tulia nayo. Wakikupa kamba wa baharini, ujue wanatapanya hela zako, na uza kabla hujameza. Ucheke usicheke, kanuni hiyo ilikuwa imewasomesha watoto wawili na kubadilisha paa la nyumba mara mbili.

Sasa Clarrie alikuwa amefariki mwaka mmoja na ushei, na Noelene, mwenye miaka sabini na saba, alikuwa kwenye treni ya asubuhi kwenda Melbourne, amevaa gauni lake la bluu la mikutano. Kando yake alikaa binti yake Kerryn, naibu mkuu wa shule, mtu asiyetaka mzaha kabla ya kahawa. Ndani ya mkoba wa Kerryn mlikuwa na karatasi. Noelene akiitia saini, kuanzia siku hiyo Kerryn ndiye atakayenunua na kuuza hisa za mama yake, na mama kazi yake itakuwa kuarifiwa.

"Una kampuni tisa, Mama," Kerryn alisema. "Lakini karibu nusu ya mali yako iko kwa hawa Merrigal wa pampu. Na katika zote tisa, hao ndio wanaozama."

"Ni kampuni ya baba yako."

"Baba hakuwa na kampuni. Alikuwa na hisa."

"Ndizo za kwanza kununua. Pampu zao amezifunga kila shamba, toka Inglewood mpaka Heathcote."

"Na bei imeshuka kiasi gani tangu afariki?"

Noelene akageukia dirishani, akatazama kondoo. Jibu alilijua mpaka senti. Kila siku saa nne asubuhi, soko likifunguliwa, aliangalia bei ya Merrigal huku chai ikimpoa mkononi. Hakuwa mjinga, na alichukia kutendewa kama mjinga. Peke yake, bila kuuliza mtu, alikuwa ameuza hisa za kampuni ya maduka ilipoanza kukopa ili ilipe gawio, na aliziuza kwa bei nzuri. Merrigal tu ndio waliomshinda. Clarrie hakupenda ufukwe wala mahoteli. Matembezi yao wawili yalikuwa hayo: Alhamisi moja ya Novemba kila mwaka, treni, ukumbi wa mkutano wa Merrigal, viti vya nyuma kabisa. Noelene alilinda viti, Clarrie akaenda kuleta chakula, akachelewa, akarudi anahema, akalaumu foleni. Kuuza Merrigal kulikuwa kama kumzika mara ya pili, na mara ya kwanza ilikuwa imemtosha.

"Tumekubaliana," alisema. "Nikimaliza mkutano bado sijaamua kuhusu Merrigal, nitatia saini kabla hatujashuka Bendigo. Sasa niache nione kondoo."

Mwaka huo chakula kilitangulia mkutano, labda watu washibe wapunguze maswali. Noelene alikwenda mezani mwenyewe, maana Kerryn alikuwa akiongea na simu. Akasimama hapo sahani mkononi. Mezani kulikuwa na kamba, wakubwa, wamepangwa juu ya barafu, na nyuma yao vijana wenye tai za kipepeo. Alizunguka meza yote akitafuta yai. Halikuwapo hata moja.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna maswali, Noelene alikuwa wa pili kwenye kipaza sauti.

"Jina langu Noelene Pascoe, mwanahisa wa miaka mingi. Gawio mmelipunguza nusu. Mara ya mwisho nilipokuja na mume wangu, mwaka 2014, mlitupa sandwichi za mayai. Leo ni kamba. Ningependa kujua kamba hawa analipia nani."

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akatabasamu kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

"Asante, mama. Nadhani umetuchanganya na kampuni nyingine. Sisi tumekuwa tukiwaandalia kamba tangu mwaka 2011. Sandwichi za mayai hatujawahi kuzirudia."

Ukumbi ukacheka, si kwa ubaya. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo ilivyo. Noelene akamtazama Kerryn, akakuta binti yake ameinamisha macho. Mara akaogopa. Mayai aliyakumbuka. Alikumbuka hata pilipili manga iliyopita kiasi. Kama hayo hayakutokea, basi ni nini kingine alichokuwa akijitungia?

Treni ya kurudi ilipita kituo cha Sunbury. Kisha Noelene akasema, "Nipe hiyo karatasi."

"Hakuna haraka, Mama."

"Nipe. Mtu asiyekumbuka alikula nini, hisa za nini?"

Kerryn alifungua mkoba, na pamoja na karatasi likatoka daftari la Clarrie la mikutano. Noelene alikuwa amempa asubuhi alishike. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisoma. Mwandiko wa Clarrie ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino, na Kerryn pekee ndiye aliyeuweza, kwa sababu tangu ana miaka kumi na miwili alikuwa akimnakilia baba yake ankara za wateja. Akalifungua, pengine ili tu aicheleweshe kalamu. Akasoma ukurasa, akageuza, akasoma mwingine. Kisha akavua miwani.

"Mama, sikiliza. Mwaka 2011. 'Merrigal. Kamba. Nimeshuka duka la stesheni nikanunua sandwichi za mayai, nimempelekea N. kwenye sahani yao. Kavaa gauni la bluu. Nikimwambia ukweli atasema tuuze, na tukiuza hatutakuja tena. Siuzi.'"

Kerryn akageuza ukurasa.

"2012. 'Kamba tena. Duka la stesheni. Foleni kweli safari hii.' 2013. 'Kamba. Goti linauma ngazi zile. N. kala nne.' 2014. 'Kamba. Muuzaji sasa ananijua, kaongeza pilipili manga. Kampuni hovyo kabisa. Siku nzuri.'"

"Mwongo mkubwa," Noelene alisema. "Mwongo mkubwa yule mzee." Akalia palepale, mbele za watu, na huku analia alikuwa anacheka, kwa sababu alimwona akishuka ngazi za stesheni na goti lake bovu, sahani ya watu ameificha ndani ya koti. Yeye aling'ang'ania Merrigal kwa ajili ya Clarrie. Clarrie aliwang'ang'ania kwa ajili yake. Na kati yao wawili, aliyewapenda Merrigal wenyewe hakuwepo.

Alipojifuta uso alitazama saa. Soko lilikuwa bado halijafungwa. Akatoa simu yake mwenyewe, akampigia dalali wake.

"Noelene Pascoe hapa. Merrigal, nauza. Usiuze kwa bei yoyote tu watakayotaja, weka kikomo, chini ya bei ya asubuhi kwa senti mbili, isishuke zaidi ya hapo. Hela zikiingia nusu itakwenda kwenye ule mfuko unaofuata soko zima, binti yangu kanichosha nao na nadhani ana haki. Nusu nitaifikiria."

Kerryn alikuwa ameikunja karatasi, ameirudisha mkobani. Akamgusa mama yake mkono.

"Mwambie abakize kumi."

Noelene akafunika simu kwa kiganja. "Kumi za nini? Si wewe uliyesema wanazama?"

"Wanazama. Kumi hazina hasara. Zinatosha kutuingiza mlangoni pa mkutano kila mwaka."

Noelene akamtazama. Binti huyu, miaka yote, hakuwahi kukubali kufuatana na wazazi wake mkutanoni hata mara moja.

"Zote isipokuwa kumi," akamwambia dalali, akakata simu.

"Na wewe utakaa," Kerryn alisema. "Utalinda viti. Stesheni nitashuka mimi."